Maneno Manne Ndani ya Bahasha

Mgodi wa Hongyan, Shanxi
12 Aprili 1995

Mwalimu Qiu,

Shikamoo. Ni mimi Lai Zhenhe, wa dawati la nyuma karibu na dirisha bovu, yule uliyekuwa ukimkataza kutafuna penseli. Nimekaa kimya miaka ishirini, naomba radhi. Kila mwaka mpya nilikuwa nasema safari hii naandika, kisha mwaka unaisha na sijanunua hata bahasha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukituandikia kila mmoja maneno manne kwa brashi mwisho wa mwaka, ya kumweleza alivyo? Bonge Deng alipata "Kichwa chui, mkia nyoka", maana alianza kila kitu kwa kishindo na hakumaliza hata insha moja. Alinuna wiki nzima. Wale mapacha wa muuza tofu, kwa kusitasita kwao, walipata "Mioyo mitatu, nia mbili", wakaanza kugombana nani mwenye moyo wa ziada. Mimi uliniandikia "Ahadi moja, dhahabu elfu". Karatasi ile ninayo mpaka leo. Nimehama nayo nyumba nne, na sasa iko ukutani juu ya kitanda. Mke wangu Guilian husema hata picha ya harusi yetu haikupewa nafasi nzuri namna hiyo.

Sasa, Mwalimu, nina shida. Nimechimba makaa ya mawe miaka kumi na sita. Jumapili huwa nawasomea watoto wa wachimbaji, bure tu, kwa kupenda. Mwalimu wa lugha wa shule ya mgodi anastaafu, na Mkuu Shen amenitaka mimi nichukue nafasi yake kuanzia muhula wa Septemba. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu njiani. Wiki iliyopita akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Lai, faili lako lina mwiba."

"Mwiba gani, Mkuu?"

"Siruhusiwi kukwambia. Ni maneno manne ya mwaka wako wa mwisho wa shule. Mtu mwenye maneno hayo simpi watoto, labda aliyeyaandika aseme kwa maandishi kwamba alikosea, na shule igonge muhuri. Iwe imenifikia kabla ya mwisho wa Agosti."

Unajua mambo ya faili. Linakutangulia kila unakokwenda, na wewe mwenyewe hulioni. Ndiyo maana labda mwaka wa 1977 nilifaulu mtihani wa chuo na barua ya kuitwa haikuja, na mwaka uliofuata vivyo hivyo. Nadhani aliyeandika ni yule mjumbe wa kamati aliyekuwa akikagua madawati yetu. Wewe ulikuwa mwalimu wa darasa, kwa hiyo neno lako linatosha. Mistari mitatu tu, na muhuri.

Nina kikohozi kidogo cha vumbi, kitu cha kawaida huku. Nikipata kazi ya juu ya ardhi kitapona chenyewe.

Mwanafunzi wako,
Lai Zhenhe


Shiqiao, Jiangxi
3 Mei 1995

Zhenhe mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, sikungoja hata kuvaa miwani vizuri. Umekuwa baba wa familia! Na mimi nilikuwa bado nakuona na lile koti la kaka yako, mikono imekuzidi urefu.

Unayosema ni kweli, lazima atakuwa yule mjumbe. Alikuwa mtu wa kuandika andika, kila karatasi aliitia mkono. Amekwisha fariki, nasikia. Usisumbuke, nitalishughulikia. Muhuri unao mkuu wa shule, kijana mzuri, alikuwa mwanafunzi wangu pia. Nitamwendea nikipata nafasi.

Nafasi yenyewe ni shida kidogo mwaka huu. Shuleni wameamua kunipa sifa uzeeni: Siku ya Walimu, tarehe kumi Septemba, watanipa bendera ya kitambaa chekundu mbele ya shule nzima, yenye maneno manne ya dhahabu, "Mfano kwa walimu wote". Nimewaambia mimi nimestaafu, mwacheni mwenye nguvu apewe. Wakanicheka. Kila siku wananiita, mara picha, mara historia ya maisha yangu, mara nani na nani niliwafundisha. Nimewatajia jina lako.

Kwa kikohozi, chemsha tunda la pea kwa sukari ya mabonge, unywe supu na ule na pea yenyewe. Usipuuze.

Mwalimu wako,
Qiu Suwen


Hongyan, 2 Juni 1995

Mwalimu,

Hongera sana! Nilimsomea Guilian, akasema, "Kumbe ulifundishwa na mtu mkubwa, mbona wewe hujakua?" Bendera hiyo ni haki yako. Nani mwingine alitufundisha kuandika hadi wino ukawa unatutii?

Binti yangu Xiaoman ana miaka kumi na minne, na kitabu chake cha maendeleo kimekuja na maneno manne: "Moyo wazi, mdomo mwepesi". Nilimfuata mwalimu wake nikamuuliza kama hiyo ni sifa au lawama. Akaniambia, "Baba Xiaoman, inategemea siku hiyo amemsema nani." Mtoto huyu kweli hana breki. Juzi alimwambia daktari wa mgodi usoni kwamba anapima wagonjwa kama anayechagua vitunguu sokoni.

Mkuu Shen ameniuliza mara mbili. Si kwamba nakuharakisha, Mwalimu, najua una mambo. Nimeanza tu kununua chaki. Guilian ananicheka, anasema hata bwana harusi hanunui viatu mapema hivyo.

Zhenhe


Shiqiao, 8 Julai 1995

Zhenhe,

Mvua imetukamata. Mto umefika kwenye ngazi za soko, na mguu wangu wa kushoto umevimba. Nilikwenda shuleni mara moja, mkuu amesafiri kwenda semina, na muhuri umefungiwa kabatini. Nitakwenda tena akirudi.

Mwambie Mkuu Shen akuvumilie. Mtu anayeona unavyowasomea watoto hahitaji karatasi.

Pea umechemsha?

Qiu Suwen


Hongyan, 5 Agosti 1995

Mwalimu,

Samahani mwandiko huu si wangu, ninasema na Xiaoman anaandika. Mkono unachoka. Zimebaki siku ishirini na sita. Mkuu Shen amesema tarehe thelathini na moja Agosti jioni anapeleka jina ofisini, langu au la mwingine, na hawezi kungoja hata siku moja zaidi, maana watoto lazima wawe na mwalimu. Ana haki. Ukishindwa kupata muhuri niambie tu, Mwalimu, nijue.

Zhenhe

Bibi Mwalimu, ni mimi Xiaoman. Baba amelala, hajui kwamba naandika hapa chini. Si kikohozi kidogo. Mapafu yake yamejaa vumbi, picha ya hospitali ni nyeupe kama unga umemwagika. Akipanda ngazi za nyumba yetu anakaa mara mbili njiani. Daktari amesema asishuke mgodini tena hata siku moja, lakini kwa watu wa chini kazi ya juu ni hiyo moja tu ya shule, nyingine zote zina wenyewe. Tafadhali Bibi, karatasi ile. Nitakuandikia barua ya shukrani kurasa kumi.


Shiqiao, 11 Septemba 1995

Zhenhe,

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi yenye muhuri. Imekwisha kuchelewa siku kumi na moja kabla hata ya kufika posta. Isome kwanza hiyo, kisha urudi hapa, kwa sababu baada ya kusoma hapa huenda usitake kuisoma.

Hakuwa yule mjumbe. Niliandika mimi.

Ile kamusi ya maneno manne manne niliyokuazima mwaka wa 1974 ilikuwa ya marehemu baba yangu. Vitabu vya zamani vilipigwa marufuku wakati ule, kukutwa nacho kulikuwa balaa, wewe unajua. Nilikupa imefungwa kwenye kitambaa cha mkate, nikakwambia usiseme ni ya nani. Ukasema, "Sisemi." Mtoto wa miaka kumi na sita. Watu wa kamati walipokukuta nayo wakakuweka kwenye chumba cha majembe siku mbili, na kila walipokuuliza uliwajibu uliiokota jalalani. Mimi nilikuwa darasani nafundisha. Nilisikia kila kitu.

Siku ya tatu mjumbe alikuja na kamusi akaiweka juu ya meza yangu.

"Mwalimu Qiu, unaijua takataka hii?"

"Siijui."

"Basi andika tabia ya huyu mtoto, iingie kwenye faili lake. Maneno manne yanatosha, hatuna siku nzima."

Alisimama nyuma ya kiti changu, nikasikia harufu ya tumbaku yake. Niliona kwamba nikikuandika vizuri ataniuliza kwa nini nakutetea, na swali la pili litakuwa kamusi. Nikaandika "Nje hivi, ndani vile". Mtu wa sura mbili. Nikapuliza wino ukauke. Wiki iliyofuata, mbele ya darasa, nikakukabidhi ile karatasi ya "Ahadi moja, dhahabu elfu", na wewe ukaipokea kwa mikono miwili, ukainama. Maneno niliyokuwekea kwenye faili yalikuwa yangu mimi, Zhenhe. Nilikuvisha wewe nguo yangu.

Hilo la mwaka 1974 naweza kulisemea, kwamba niliogopa, na kulikuwa na cha kuogopa. Hili la mwaka huu silisemei. Muhuri haukufungiwa popote. Mkuu wa shule hakusafiri. Mguu ulivimba siku tatu ukapona. Ili nigongewe muhuri ilinibidi nimwambie mkuu niliandika uongo juu ya mwanafunzi wangu, na mkuu yuleyule ndiye aliyekuwa anashonesha bendera. Nikajiambia nitakwenda baada ya sherehe. Barua ya binti yako ilifika tarehe kumi na sita Agosti. Niliisoma. Nilijua ngazi, nilijua picha ya mapafu. Nikahesabu siku mpaka tarehe kumi, nikajiambia ni chache, nikajiambia ofisi siku zote huchelewa, watamngoja.

Jana nilipanda jukwaani. Watoto walipiga makofi. Leo asubuhi nilikwenda kwa mkuu, nikamwambia kuna maneno niliyakosea kwenye faili la mwanafunzi wa zamani. Hakuuliza hata swali moja. Aligonga muhuri huku anaongea na simu.

Umewahi kunitendea nini, hata nikakufanyia hivi mara mbili?

Qiu Suwen


Hongyan, 9 Oktoba 1995

Mwalimu,

Shikamoo. Leo mkono una nguvu, naandika mwenyewe. Nasimama kila baada ya mistari michache, kwa hiyo ukiona wino umebadilika ujue nilikuwa napumzika.

Karatasi imefika. Mkuu Shen ameibandika ndani ya faili, ubavuni mwa ile ya zamani. Kilichoingia humo hakitoki, huongezwa tu. Nafasi alipewa kijana wa miaka ishirini na mbili kutoka chuo cha ualimu. Nilisimama nje ya dirisha nikamsikiliza. Anafundisha vizuri, na watoto wanamcheka kwa upendo. Chaki zangu nimempa.

Sasa na mimi niseme langu. Nilijua tangu mwaka 1979.

Nilipokwenda kuchukua karatasi za kuja mgodini, karani wa wilaya alikuwa Bonge Deng, yule wa mkia nyoka. Akaweka bahasha yangu mezani, haijafungwa, akasema, "Zhenhe, mimi naenda chooni. Nina tumbo baya, nitakaa. Nikirudi mimi sijaona kitu." Kwa mara moja maishani mwake alimaliza jambo aliloanza. Nikafungua. Hakukuwa na jina la aliyeandika, lakini ulitufundisha mwandiko miaka mitatu, Mwalimu. Mstari wako wa mwisho wa kila herufi huwa unapinda kama ndoana. Ningeujua hata gizani.

Mwaka wa kwanza huku chini nilikuchukia kila siku. Nilikuwa nikipiga sururu nasema jina lako. Mwaka wa pili nilikuwa nachoka mno. Kisha Xiaoman akazaliwa, nikaanza kumfundisha maneno manne manne uliyonifundisha wewe, na sikuweza tena kumfundisha kwa kinywa kilekile kinachokulaani. Usidhani nimekuwa mtu mwema. Siku nyingine bado nakasirika.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa na uongo. Yule mjumbe nilikupa makusudi, kama mgeni anavyopewa kiti, usipate aibu mbele yangu. Sikufikiri ungekikalia muda mrefu hivyo.

Umeuliza nilikutendea nini. Hukunipa nafasi ya kukutendea chochote isipokuwa kunyamaza, na nimenyamaza. Kamusi niliiokota jalalani. Mpaka leo ndivyo nilivyosema, kwa Mkuu Shen, kwa Guilian, kwa kila mtu. Xiaoman peke yake ndiye anayejua, kwa sababu anasoma barua kabla sijazifungua.

Jumatatu ijayo narudi chini. Wamenipa kuangalia pampu, nakaa tu, si kuchimba. Usiwe na wasiwasi. Pea nachemsha.

Zhenhe


Hongyan, 20 Januari 1996

Bibi Mwalimu,

Mimi ni Lai Xiaoman. Baba amefariki tarehe tisa Januari, saa nne asubuhi, ameketi, kwa sababu kulala hakuweza tena tangu Novemba. Pampu iko chini mita mia tatu. Alikuwa akikaa tu, kama alivyokuandikia, ila vumbi haliulizi mtu anafanya kazi gani.

Ofisi ya mgodi ilifanya mkutano wa kumuaga. Hotuba za namna hiyo wanazitoa kwenye faili. Karani alisoma tarehe ya kuzaliwa, akasoma mwaka aliokuja, halafu akasoma karatasi yako ya Septemba, yote, mpaka "mkweli, mwenye kutunza ahadi, aliandikwa vibaya kwa kosa". Wachimbaji wakatikisa vichwa kukubali. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Hilo tulilijua bila muhuri." Mama alilia sana. Mimi sikulia, nilikuwa nahesabu. Kama ingefika kabla ya mwisho wa Agosti, angekuwa anasahihisha madaftari hapa mezani, ananisumbua nisitafune penseli.

Mama alitaka tumweke kaburini na ile karatasi ya ukutani. Nikasema hapana, arudishiwe aliyeiandika. Ndiyo hii. Imeingia rangi ya njano upande wa chini, pale kichwa chake kilipokuwa kinagusa.

Baba aliniomba mambo mawili. La kwanza nisikuchukie. Nilimwambia nitajaribu, na ninajaribu, siku mojamoja. La pili nisimwambie mtu kamusi ilikuwa ya nani. Hapo sikumjibu. Akasema, "Moyo wazi, mdomo mwepesi," akacheka, akaanza kukohoa.

Yeye alikuahidi, Bibi. Mimi sijaahidi kitu.

Mwezi wa sita mwalimu wangu wa darasa ataandika maneno yangu ya faili, na sitayaona.

Lai Xiaoman


Shiqiao, 4 Machi 1996

Xiaoman,

Hukuahidi. Usiahidi. Mwambie kila unayetaka, na jina langu litaje lote.

Nilianza mimi. Barua yako ilipofika niliikunja bendera, nikaitia kwenye kapu la mboga, nikaenda nayo shuleni wakati wa mapumziko, walimu wote wakiwa chumbani mwao. Nikawaambia nimeirudisha. Nikawaambia na sababu, tangu kamusi mpaka kaburi la baba yako, sikuruka kitu. Nilizungumza nimesimama. Nilingoja wanifukuze. Nilikwisha jiandaa kutemewa mate.

Mwalimu mmoja wa hesabu, msichana mdogo, akasema, "Jamani Bibi Qiu, mambo ya zamani hayo. Wakati ule nani hakuandika?" Mwingine akanivutia kiti. Mkuu akasema, "Umefundisha miaka thelathini na nne, bendera ni yako. Tukianza kurudishana vitambaa, hapa tutabaki na kuta tupu." Wakacheka, si kwa ubaya. Wakanimiminia chai. Kengele ikalia, wakachukua chaki zao wakaenda madarasani, nikabaki peke yangu na kikombe mkononi.

Hakuna aliyekasirika, Xiaoman. Hakuna hata aliyeniangalia vibaya. Chai hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa Mei, na Juni, na Julai, na Agosti. Ningekwenda Mei wangenimiminia chai ileile, na baba yako angekuwa juu, hewani. Mimi nimelia miaka mingi kwa ajili ya woga wangu wa zamani, nikadhani ndio dhambi kubwa. Kumbe kubwa ilikuwa hii ndogo ya kungojea bendera.

Sikuombi unisamehe. Kurasa kumi za shukrani ulizoniahidi mwezi wa nane, sizistahili, na ninazifikiria kila siku.

Msumari wa bendera ulikuwa umebaki ukutani. Nimetundika hapo karatasi ya baba yako, na doa lake la njano. Nimejiwekea sharti: kila anayeingia akiuliza ni nani huyo mwenye ahadi ya dhahabu elfu, namwambia yote, na mimi nikiwa ndani yake. Jirani amesikia, akasema niache kujitesa. Mwanangu amesikia kwa simu, akasema yeye ana kazi nyingi.

Jana aliingia mleta makaa. Aliweka tenga sakafuni, akajifuta mikono kwenye suruali, akaitazama karatasi akauliza. Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunipa pole, hakusema ni ya zamani. Akauliza, "Na huyo mtu yuko wapi sasa?"

Ni wa kwanza kuniuliza. Nikamwambia yuko kaburini Hongyan, Shanxi, yanakotoka makaa. Akatazama tenga lake, kisha akalinyanyua polepole, akaenda kuyapanga makaa jikoni, kipande kimoja kimoja, bila kuyarusha.

Qiu Suwen